Kununua Bastola za Kale kwa Kuweka Akiba: Hukumu Yake na Mambo ya Kuzingatiwa na Familia



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na Sahaba zake. Ama baad:

Tumepokea masuala mawili yanayokaribiana, na tumeona ni vyema kuyajibu pamoja ili faida iwafikie na wengine.

Suala la kwanza limetoka kwa mama aliyefiwa na mumewe. Shamba la marehemu limeuzwa, fedha zipo, na miongoni mwa warithi wamo watoto wawili ambao hawajabaleghe. Kaka yao mkubwa anayeishi Marekani anashauri fedha hizo zisigawiwe. Anataka apelekewe anunue bastola za kale, zile zenye silinda inayozunguka ambazo huitwa rivolva. Anasema bei yake inapanda kila mwaka, na baada ya miaka kumi au kumi na tano zitauzwa na kila mmoja atapata mara mbili ya alichotoa. Mama anauliza: Je, hii ni halali, na je, akubali?

Suala la pili ni la kijana aliyekuta bastola kuukuu ndani ya kasha la marehemu babu yake. Rafiki yake kamwambia kwamba kitu kama hicho huko Ulaya kinauzwa kwa fedha nyingi. Anauliza kama anaweza kukiuza, na kama kinatolewa zaka.

Wanavyuoni wetu wanasema kuwa kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Kwa hiyo tuanze kwa kukifahamu kitu chenyewe.

Bastola hizi ni zipi, na bei yake inatoka wapi?

Rivolva ni bastola ambayo risasi zake hukaa katika silinda, na silinda hiyo huzunguka kila bastola inapofyatuliwa. Aliyeifanya ienee ni Mmarekani Samuel Colt, aliyepata hataza yake nchini kwao mwaka 1836. Mwaka 1847 ikatoka aina iitwayo Colt Walker, na zilitengenezwa kiasi cha 1,100 tu. Mwaka 1873 ikatoka Colt Single Action Army, iliyotumiwa na jeshi la Marekani. Hii ilitengenezwa kwa wingi, zaidi ya laki tatu na nusu hadi mwaka 1940. Kwa upande wa Waingereza, bastola iliyojulikana zaidi ni Webley, iliyochukuliwa rasmi na majeshi yao mwaka 1887 na kubebwa na maafisa wao katika makoloni.

Watu wanaokusanya bastola hizi hawanunui chuma. Wananunua uchache wake, hali yake na historia yake. Colt Walker moja iliuzwa mnadani Marekani mwaka 2018 kwa dola milioni 1.84. Mwaka 2021 bastola ambayo mkuu wa polisi Pat Garrett alimuulia jambazi Billy the Kid mwaka 1881 iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 6. Bastola hiyo ni Colt Single Action Army, aina ile ile iliyotengenezwa kwa malaki. Chuma ni kimoja, lakini moja ina kisa na hati za kukithibitisha, na nyengine haina.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Ufaransa. Mwaka 2019 iliuzwa mjini Paris bastola iliyookotwa shambani, imeliwa na kutu na haifai tena kwa lolote. Ilinunuliwa kwa zaidi ya euro 160,000 kwa sababu inaaminika kuwa ndiyo aliyojipigia mchoraji Van Gogh mwaka 1890. Zingatieni neno “inaaminika”. Hakuna aliyeweza kukata shauri kwamba ndiyo yenyewe. Fedha zote zile zililipwa kwa ajili ya dhana yenye nguvu.

Kutokana na hayo, anayeingia katika jambo hili anahitaji elimu kubwa. Lazima ajue kama namba zilizopigwa kwenye fremu, silinda na sehemu nyengine ni za bastola moja, au imeungwa kwa vipande vya bastola mbili tatu. Lazima ajue kama rangi ya chuma ni ya kiwandani au imepakwa upya, kwani bastola iliyong'arishwa ili ipendeze huweza kupoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Na lazima awe na barua ya kumbukumbu za kiwanda inayoonesha bastola ile ilitoka lini na ilipelekwa kwa nani. Nakshi za uongo, namba zilizofutwa na kupigwa upya, na visa vya kubuni ni mambo yanayojulikana sana katika soko hili.

Bei inayotangazwa na fedha inayobaki mkononi

Khabari zinazotufikia ni za bastola chache zilizouzwa kwa mamilioni. Maelfu ya nyengine zinazouzwa kwa bei za kawaida, na zile zisizopata mnunuzi, hazitangazwi na mtu.

Tuchukue hesabu ya mfano. Bastola imegongewa nyundo mnadani kwa dola 5,000. Mnunuzi huongezwa ada ya mnada, na tuseme ni asilimia 20. Kwa hivyo amelipa dola 6,000. Baada ya miaka kumi anaipeleka mnadani na inagongewa nyundo kwa dola 6,500. Mtu atasema bei imepanda kwa asilimia 30. Lakini muuzaji naye hukatwa, na tuseme ni asilimia 10. Atapokea dola 5,850. Amesubiri miaka kumi, bei imepanda, na amepata khasara ya dola 150, kabla ya kuhesabu bima, sefu na kodi.

Kisha tukumbuke kwamba bastola haizai. Mkarafuu una msimu wake, ng'ombe ana maziwa na ndama, na fremu ya duka ina kodi ya kila mwezi. Bastola inakaa ndani ya sefu kama ilivyo, na faida yake yote inategemea apatikane siku moja mtu wa kuitaka kwa bei kubwa zaidi.

Kuna na khatari ya sheria kubadilika. Uingereza ilipiga marufuku bastola nyingi mwaka 1997, baada ya mauaji ya watoto wa skuli ya Dunblane mwaka 1996, lakini za kale zenye risasi zilizopitwa na wakati ziliruhusiwa kuwekwa kama pambo bila ya leseni. Mwaka 2021 serikali iliondoa aina saba za risasi kutoka katika orodha hiyo, kwa sababu bastola za aina hizo zilikuwa zikitumiwa na wahalifu. Aliyelala akiwa na pambo la halali alitakiwa aitafutie leseni, au aiondoe mikononi mwake kwa njia ya kisheria.

Asili ya hukumu

Asili ya silaha ni mali halali. Inamilikiwa, inauzwa, inarithiwa na inawekwa rahani. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume (S.A.W) alifariki hali ya kuwa deraya yake imewekwa rahani kwa Myahudi mmoja kwa ajili ya shayiri aliyoikopa kwa chakula cha ahali zake. Kwa hiyo kumiliki bastola ya kale katika nchi inayoruhusu, na kuiuza kwa faida, si haramu kwa asili yake. Kusubiri bei ipande pia si uhodhi uliokatazwa, kwani ulioharamishwa ni kuwazuilia watu wanachokihitaji katika maisha yao, na hakuna anayelala na njaa kwa kukosa bastola ya mwaka 1873.

Lakini jambo la halali huweza kuingia haramu kupitia mlango wake. Milango ya kuiangalia hapa ni hii ifuatayo:

1. Nani anauziwa. Maulamaa wamekataza kuuza silaha wakati wa fitna, au kumuuzia mtu ambaye dalili zinaonesha atamdhuru nayo asiye na hatia. Bastola ya kale nyengine bado inapiga. Haitoshi kusema “nimeuza pambo”.

2. Udanganyifu. Mtume (S.A.W) alipoingiza mkono katika rundo la chakula sokoni na kukuta ndani yake ni majimaji, alimkemea muuzaji na kubainisha kuwa mwenye kughushi si katika sisi, kama ilivyo katika Sahihi ya Muslim. Kupaka kutu ya bandia, kupiga namba upya au kunyamazia kipande kilichobadilishwa ni katika mlango huo huo. Muuzaji Muislamu analazimika kuitaja aibu ya bidhaa hata kama mnunuzi hakuuliza.

3. Kuuza usichokimiliki. Mtume (S.A.W) alimkataza Hakim bin Hizam (R.A) kuuza asichokuwa nacho. Bastola iliyonunuliwa isiuzwe tena kabla haijapokewa na mnunuzi au wakili wake.

4. Dhahabu na pembe. Baadhi ya bastola hizi zimepambwa kwa dhahabu na mipini yake ni ya pembe za ndovu. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i mwanamume anaruhusiwa kupamba silaha kwa fedha, kwani upanga wa Mtume (S.A.W) ulikuwa na fedha kwenye kitako cha mpini wake, lakini dhahabu hairuhusiwi. Pembe ya ndovu kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni najsi, ingawa Mahanafi wanaiona kuwa ni tohara. Juu ya hayo, nchi nyingi zimezuia biashara ya pembe. Aina hiyo ni salama zaidi kuiacha.

5. Ahadi ya faida. Ikiwa kaka atasema “nitumieni fedha, hazitapotea, na kila mwaka nitakupeni asilimia kumi”, hiyo si shirika tena, bali ni mkopo wenye ziada, na ziada hiyo ni riba. Katika shirika la halali faida hugawiwa kwa kiwango kilichokubaliwa, na khasara humfika kila mmoja kwa kadiri ya mtaji wake.

6. Kutii sheria za nchi. Muislamu hutimiza ahadi aliyoishi nayo katika nchi. Marekani, sheria kuu ya mwaka 1968 inazihesabu silaha zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa ni za kale, na haiziwekei masharti yale yale ya silaha nyengine, ingawa majimbo yana sheria zao. Zilizotengenezwa baada ya hapo zina masharti, na anayefanya kazi ya kuzinunua na kuziuza hutakiwa kuwa na leseni. Wala mtu asidhani kwamba ruhusa ya Marekani inavuka bahari. Akirudi nyumbani nayo kwenye begi, atakutana na sheria ya hapa.

Zaka yake

Bastola iliyonunuliwa kwa nia ya kuuzwa kwa faida ni mali ya biashara. Kwa jumhuri ya wanavyuoni, wakiwemo Mashafi'i, kila mwaka wa Kiislamu unapotimia hukadiriwa kwa bei ya soko ya siku hiyo, na ikifika nisabu hutolewa asilimia 2.5. Imam Malik ametofautisha baina ya mfanyabiashara anayenunua na kuuza kila siku, na yule anayezuia bidhaa akisubiri bei ipande. Huyu wa pili, kwake yeye, hutoa zaka ya mwaka mmoja tu pale anapouza.

Bastola iliyorithiwa, au iliyonunuliwa kwa kuwekwa tu bila ya nia ya biashara, haina zaka kwa madhehebu ya Shafi'i, na kunuia baadaye kuiuza hakuigeuzi kuwa mali ya biashara. Ikishauzwa, thamani yake huungana na fedha nyengine za mtu na kufuata hukumu zake.

Tazameni hapa uzito wa jambo. Anayefuata kauli ya jumhuri atatoa zaka kila mwaka kwa mali isiyomuingizia hata senti, na kila mwaka atahitaji mjuzi wa kumkadiria bei. Asiyeweza hayo asijibebeshe deni la Mola wake.

Fedha za mirathi na haki ya mayatima

Sasa tumrudie mama yetu. Kwanza kabisa, mirathi igawiwe. Kabla ya hapo walipwe wanaomdai marehemu na utekelezwe wasia wake. Mke achukue thumuni yake, na kila mtoto fungu lake. Si haki ya kaka mkubwa kuzuia mgawanyo kwa kuwa yeye ana fikra ya biashara. Baada ya kugawiwa, mrithi aliyebaleghe na mwenye akili timamu ana khiari ya kuingiza fungu lake mwenyewe akitaka.

Mafungu ya wale watoto wawili yana hukumu nyengine. Allah (S.W) ameonya vikali katika Suratun-Nisaa juu ya wanaokula mali za mayatima kwa dhulma, na katika Suratul-An'aam ameamrisha mali hiyo isikaribiwe ila kwa njia iliyo bora. Msimamizi anaruhusiwa kuifanyia biashara, tena kwa Mashafi'i mali ya yatima inatolewa zaka, kwa hiyo kuizalisha ni kheri ili isiliwe na zaka. Lakini njia iliyo bora si kuipeleka katika soko ambalo msimamizi hawezi kuiona bidhaa, hawezi kuipima, hawezi kuishika wala kuiuza siku mtoto atakapohitaji ada ya skuli. Bidhaa iko nchi nyengine na kwa jina la mtu mwengine. Kaka akifariki huko, sheria ya kule itaiona ni mali yake, na mjane wake au wanawe wanaweza wasijue kabisa kuwa ndani yake mna haki ya mayatima wa visiwani.

Kwa hiyo jawabu letu kwa mama ni hili: usikubali kwa fungu la watoto. Nunua kwa fungu lao kitu kinachoonekana, kama sehemu ya shamba au kiwanja, kiandikwe kwa majina yao. Na ikiwa wakubwa wataamua kuingia kwa mafungu yao, basi waandikiane mkataba wenye mashahidi kama ilivyoamrishwa katika Aya ya madeni (Suratul-Baqarah, 282). Itajwe ndani yake kila bastola na namba yake, nani ana kiasi gani, nani wakili, na itakuwaje akifariki mmoja wao.

Hatumtuhumu kaka. Huenda nia yake ni njema na anataka kuwainua ndugu zake. Lakini nia njema haigeuzi dhana kuwa amana salama.

Bastola ndani ya kasha la babu

Ama kijana wetu, kupatikana silaha kuukuu visiwani si jambo la ajabu. Karne ya kumi na tisa Unguja ilikuwa mlango mkubwa wa kupitishia bunduki kwenda bara, mpaka mataifa yalipokubaliana Brussels mwaka 1890 kuzuia uingizaji wake katika sehemu kubwa ya Afrika. Baadaye wakaja maafisa wa kikoloni na bastola zao. Na wazee wetu wanakumbuka siku ambazo silaha zilipita mikononi mwa watu, na hatuna haja ya kurefusha hapo.

Lakini uzee wa silaha si kibali cha kuiweka. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na hata kama babu alikuwa na leseni, leseni haikurithiwi pamoja na kasha. Ushauri wetu ni huu: usiifyatue kujaribu, usiisafishe, usimuoneshe rafiki, wala usiipige picha ukaitafutia mnunuzi kwenye simu. Baruti ya zamani huweza kulipuka hata baada ya miaka mingi. Waondoe watoto chumbani, funga kasha, kisha uarifu polisi waje waichukue badala ya wewe kupita nayo njiani. Ukiwa na khofu, nenda na mtu mzima wa familia au mpitie sheha wako. Serikali pia hutangaza mara kwa mara muda wa kusalimisha silaha kwa hiari. Kama kuna njia ya halali ya kumilikishwa au kuhifadhiwa makumbusho, utaelezwa huko. Kuiuza kwa siri haikufai, kwani huijui itamwaga damu ya nani.

Wala usione umepoteza utajiri. Bastola isiyo na hati, iliyokaa na unyevu wa chumvi kwa miaka, mara nyingi si ile inayosimuliwa kwenye minada.

Adabu ya silaha nyumbani

Tunamalizia kwa anayemiliki kihalali, huko ughaibuni au hapa. Mtume (S.A.W) amekataza mtu kumuelekezea ndugu yake silaha, hata kwa mzaha, kwani hajui pengine shetani atauvuta mkono wake. Amekataza kupokezana upanga ukiwa wazi nje ya ala yake. Na aliyepita msikitini au sokoni na mishale aliamrishwa azishike ncha zake ili asimjeruhi Muislamu. Zama hizo ilikuwa mishale na panga. Leo tunafahamu kutokana na hayo kwamba bastola, hata iwe ya miaka mia na hamsini, ikaguliwe haina risasi kabla ya kupokezana, ifungiwe kwenye sefu, risasi ziwekwe mbali, na isitundikwe ukutani mahali ambapo mkono wa mtoto unafika.

Khulasa

Kumiliki na kuuza bastola za kale ni halali kwa asili, kwa mwenye elimu yake, katika nchi inayoruhusu, kwa mali yake mwenyewe asiyoihitaji karibuni, akachunga ukweli, akatoa zaka na akajua anamuuzia nani. Kwa familia iliyo mbali na soko hilo, na hasa kwa mali yenye haki ya yatima, tunaona ni wajibu kujiepusha. Na silaha isiyo na kibali ndani ya nyumba ikabidhiwe kwa wenye mamlaka kabla haijaleta msiba.

Tunamuomba Allah (S.W) ambariki mama huyu na wanawe, amrehemu baba yao, na atujaalie riziki ya halali yenye utulivu.

Wallahu a'lam.